ASIYESEMA NAYE ANA NENO

Katika vijiji vya Handeni na Korogwe, kama katika vijiji vyetu vyote, mtoto akizaliwa watu hungojea kilio chake, na akikaribia mwaka hungojea neno lake la kwanza. Mama hulipokea neno hilo kwa furaha, akawapasha habari majirani. Lakini ziko nyumba ambamo neno hilo halikuja. Mwaka wa pili wapita, wa tatu wapita, na watu waanza kunong'ona. Mtoto apata jina ambalo wazazi wake hawakumpa: aitwa Bubu. Tangu hapo ni wachache wamwambiao jambo lolote, kwani, wasema, ya nini kuongea na asiyejibu?

Swali hilo husemwa kwa wepesi, wala wasemao hawana nia mbaya. Hata hivyo yatupasa kulipima, kwa maana ndani yake mna kosa la fikira lizaalo dhuluma. Twachanganya ulimi na akili. Twamwona mtu hasemi, nasi twahukumu kwamba hana la kusema. Wazee wetu walijua zaidi waliposema kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ulimi ni koleo tu. Mhunzi yu ndani.

Tutazame walivyo mbalimbali watu tunaowaweka chini ya jina hilo moja. Yuko mtoto asiyesema kwa sababu hasikii, pengine kwa kuwa masikio yake yalitoka usaha muda mrefu bila ya kutibiwa. Yuko mwenye mtindio wa ubongo, ambaye anaelewa mengi lakini misuli ya kinywa haimtii. Yuko mwenye usonji. Yuko aliyezaliwa na mdomo sungura. Yuko mwenye kigugumizi, ambaye wenziwe shuleni humcheka hata akaona heri kunyamaza. Yuko pia mtoto wa Kizigua asiye na kasoro yoyote, ila hajazoea Kiswahili cha darasani, na mwalimu amdhania mzito. Tena wako watu wazima: baba aliyepigwa na kiharusi, kijana aliyeumia kichwa kwa ajali ya pikipiki katika barabara kuu ipitayo Segera. Huyo baba ataka maji, na neno limtokalo ni kijiko. Ajua kwamba amekosea, machozi yamtoka, na watoto wake wadhani amerukwa na akili.

Korogwe ina sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili. Mwaka 2009 wilaya hiyo, pamoja na Bagamoyo na vituo vingine katika nchi sita za Afrika, iliingia katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba chanjo hiyo itumike kwa watoto. Ni kazi ya kusifiwa, nayo imewashirikisha akina mama wengi wa Korogwe. Lakini malaria haiachi makaburi tu. Watafiti wa Kilifi, katika pwani ya Kenya, walieleza mwaka 2005 ya kuwa kati ya watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani, karibu mmoja katika kila wanne alibaki na upungufu wa kudumu, na usemi ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyodhurika. Basi twamwokoa mtoto asife, twamshukuru Mungu, twamrudisha nyumbani, kisha twamwacha katika ukimya. Je, kazi ile tumeimaliza? Sisi twasema kwamba tumeifikisha nusu.

Nusu iliyobaki ina jina: ni tiba ya usemi. Si dawa ya chupa, wala si kukata kimeo, desturi ambayo imewatoa watoto wetu damu na kuwatia maradhi pasipo kuwaongezea neno hata moja. Ni kazi ya subira. Mtaalamu hupima kwanza kama mtoto anasikia. Hutazama anavyotafuna na kumeza, anavyomwangalia mama yake, anavyoonyesha kitu akitakacho. Kisha humfundisha kidogo kidogo, sauti kwa sauti, ishara kwa ishara, na zaidi ya yote huwafundisha watu wa nyumbani, maana mtoto hukaa na mtaalamu saa moja, bali na mama yake hukaa siku zote.

Pengine msomaji atatuambia: Maneno hayo ni mazuri, lakini wataalamu hao wako wapi? Ni kweli, nasi hatutaki kuwadanganya wazazi. Katika nchi yetu ni wachache mno. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kufundisha shahada ya kazi hiyo mwaka 2008 tu. Toka Handeni mpaka hospitali kubwa za Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 200, na mkulima wa mahindi hawezi kuifanya kila juma. Kumwambia mzazi wa namna hiyo, "Mpeleke mtoto kwa mtaalamu," kisha kumwacha, ni kumtwika mzigo wa pili. Ni haki basi kuidai Serikali, na kujidai sisi wenyewe tulio na hospitali na shule, wataalamu hao wasomeshwe na wapelekwe wilayani.

Lakini uchache wao usiwe kisingizio chetu. Maongezi ni kazi ya watu wawili, na fungu la msikilizaji halihitaji shahada. Mtakatifu Fransisko wa Sales, ambaye ni msimamizi wa waandishi wa magazeti na tena wa viziwi, hakungoja mtaalamu. Alimkuta kijana kiziwi ambaye hakuna aliyeona faida ya kumfundisha dini, akamfundisha mwenyewe kwa ishara hata akamkomunisha.

Katika nchi hii Kanisa letu lilifungua shule ya kwanza ya viziwi huko Tabora, mwaka 1963. Twaitaja kwa shukrani, lakini pia kwa unyenyekevu. Kwa muda mrefu shule za viziwi, hapa kwetu na ng'ambo, zilishikilia kwamba mtoto lazima atamke kwa kinywa kama sisi, na mikono yake ikakatazwa kusema. Nia ilikuwa njema. Ila watoto wengi walipoteza miaka. Hapo twajifunza kwamba shabaha si kumfanya asiyesema afanane nasi. Shabaha ni tuelewane naye. Akiweza kutamka, vema. Asipoweza, ishara, picha na ubao ni maneno pia.

Wala mtu asidhani kuwa twasema juu ya adabu tu. Mtoto asiyeweza kusimulia hawezi kumshtaki aliyemdhulumu, na waovu wanalijua hilo. Mjane aliyepooza ulimi akaa kimya huku shamba la mumewe likigawanywa mbele ya macho yake, na hakuna amwulizaye. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yatambua haki zao. Lakini sheria haiingii jikoni wala haiketi katika kikao cha ukoo. Huko hakimu ni sisi.

Tufanye nini basi? Mtoto ambaye hageuki akiitwa, au aliyefika miaka miwili bila ya maneno, apelekwe zahanati apimwe masikio, wala tusingoje tukijifariji kwamba baba yake naye alichelewa. Tuseme naye tukimtazama usoni, tuvitaje vitu tunavyovishika, kisha tungoje. Na akijibu kwa mkono, tuukubali mkono wake. Mwenye kigugumizi tumwache amalize neno lake mwenyewe. Aliyepigwa na kiharusi tumwulize maneno mafupi, ambayo aweza kuyajibu kwa kutikisa kichwa, tena tumwulize mambo ya maana: shamba lake, fedha yake, mapenzi yake. Makatekista wasimrudishe mtoto kwa sababu tu hawezi kukariri majibu.

Turudi kwa swali letu: ya nini kuongea na asiyejibu? Jibu letu ni kwamba kila mmoja wetu aliongeleshwa mwaka mzima kabla hajajibu neno lolote, na mama yake hakuona kwamba anapoteza maneno. Tulipewa maneno bure, na kwa subira. Kama wako miongoni mwetu ambao kwao kungojea kutakuwa kwa miaka mitano, au kumi, au kwa maisha yote, deni letu kwao ni lile lile, na kulilipa kwaweza kuanza jioni hii, nyumbani, kwa kukaa karibu na yule tuliyemzoea kimya.