Mkasi wa Kuazimana

Je, mtu aweza kutenda ubaya kwa tendo ambalo watu wote huliita jema? Swali hili ni kubwa, na aghalabu hujibiwa kwa mifano mikubwa ya wafalme na vita. Mimi napenda kulijibu kwa mfano wa chombo kidogo kinachoenea katika kiganja: mkasi wa kupogolea matawi. Atakayecheka kwamba mkasi hauna falsafa na acheke, lakini asome mpaka mwisho.

Kupogoa ni kukata kwa ajili ya uhai. Mbuni ulioachwa bila kukatwa hupendeza macho kwa muda mfupi tu. Huzaa zaidi katika sehemu za matawi zilizokua msimu uliotangulia. Nao ukiachwa ujitawale, mwaka mmoja huzaa kupita nguvu zake, na mwaka unaofuata matawi hukauka kuanzia nchani na mavuno huwa haba. Mkulima mwenye huruma ya juujuu huona uchungu kukata tawi bichi, na kwa huruma hiyo huudhoofisha mti wote. Wahenga walisema kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye. Haki ya kukata, basi, haina shaka. Shaka imo katika namna ya kukata, maana anayekatwa hawezi kusema kwamba ameumizwa.

Na mti huumia kwa namna isiyofanana na yetu. Ngozi ya mtu ikikatwa, nyama mpya huchukua mahali pa ile iliyoharibika. Mti hauna uwezo huo. Alex Shigo, mtaalamu wa misitu wa Marekani aliyepasua maelfu ya miti ili atazame ndani yake, alieleza mwaka 1977 kwamba mti hauponyi jeraha, bali hulizungushia kuta ndani ya shina, kisha huotesha gome jipya juu yake. Jeraha lenyewe hubaki humo maisha yote, limefungwa kama mfungwa. Kabla ya mafundisho yake, watunza bustani wengi wa Ulaya na Marekani walikata tawi sawasawa na shina, kwa imani kwamba mkato ulio laini kwa jicho ndio mwema kwa mti. Kumbe walikuwa wakiondoa ule uvimbe mdogo ulio penye chanzo cha tawi, ambamo mti huweka kinga yake. Walikuwa watu wema, wenye nia safi na mikono hodari. Nia yao safi haikujenga ukuta hata mmoja.

Tukilijua hilo, kuchagua mkasi huacha kuwa jambo la bei na rangi ya mpini. Iko mikasi ya aina mbili. Aina ya kwanza ina bapa kali linalopita ubavuni mwa bapa nene lililopinda, kama mkasi wa mshoni. Aina ya pili ina bapa moja linaloshuka juu ya kipande cha chuma kilicho bapa, kama kisu juu ya ubao wa kukatia mboga. Hii ya pili yafaa kwa matawi makavu, lakini tawi bichi huliponda kabla ya kulikata. Ile ya kwanza ndiyo ya miti hai, nayo ina adabu yake: bapa kali lielekezwe upande wa mti unaobaki, na lile nene upande wa kipande kitakachoanguka, ili mchubuko uwe juu ya kile kinachotupwa. Tawi likizidi unene wa sentimita 2 hivi, lete msumeno. Mtu anayeupindapinda mkasi ili kulishinda tawi nene huulegeza maungio, na tangu siku hiyo mabapa yake hayakati tena, yanatafuna.

Tazama pia maungio hayo yamefungwa kwa nini. Mkasi uliofungwa kwa ribiti haufunguki, na usiofunguka haunoleki vizuri. Felco, kiwanda cha Uswisi kilichoanzishwa mwaka 1945, kilijipatia sifa kwa mikasi ambayo vipande vyake vyaweza kununuliwa kimoja kimoja na kubadilishwa. Bei yake ni kubwa kwa mkulima mdogo, nami sitamhubiria maskini anunue asichokiweza. Lakini hata kati ya mikasi miwili ya bei ya kadiri, achague ule wenye parafujo na nati.

Utunzaji wake ni mfupi kuusema na mrefu kuudumisha. Utomvu ufutwe siku ile ile, kabla haujagandamana, chuma kikaushwe, tone la mafuta litiwe penye maungio na kwenye kamani. Kinoo kipite upande ulioinama tu wa bapa kali, kwa kufuata mwinamo uleule wa kiwandani. Upande ulio bapa uguswe kidogo, kwa kuondoa chembe zilizojikunja. Ukinolewa sana, mabapa huachana na matawi hukwama katikati.

Sasa nafika penye swali langu. Katika mkoa wa Kagera, magharibi ya Ziwa Viktoria, nyumba ya Mhaya husimama katikati ya kibanja, shamba la migomba na mibuni iliyochanganyika. Huko kahawa haikuwa mali ya kuuza tu. Ilichemshwa, ikakaushwa, ikatafunwa, na mgeni akakaribishwa kwayo; na watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu waligawana punje mbili za tunda moja, kila mmoja akala punje yenye damu ya mwenzake. Punje hizo hulala zikitazamana ndani ya ganda moja. Nadhani ndiyo sababu zilichaguliwa.

Katika ujirani wa namna hii, kumnyima mtu mkasi ni aibu. Lakini ugonjwa wa mnyauko fuzari, uliotambuliwa Uganda mwaka 1993, ulithibitishwa Kagera mwaka 1997 katika mibuni ya robusta. Huletwa na kuvu inayoingia mtini kwa njia ya majeraha na kuziba mapito ya maji. Majani hunyauka, na mti uliokwisha kunyauka hauna dawa ila kung'olewa na kuchomwa palepale. Miongoni mwa vinavyoueneza ni panga, jembe na mkasi vilivyogusa mti mgonjwa kisha vikagusa mti mzima. Mkono uliotoa mkasi kwa ukarimu waweza kuwa umetoa msiba.

Yuko atakayesema kuwa asiyejua hana hatia. Nakubali, kwa mwaka wa kwanza. Lakini habari ikiisha kufika kijijini, ikasemwa na bwana shamba na kurudiwa sokoni, kutojua huwa ni kutotaka kuuliza. Yuko mwingine atakayesema: basi nisiazime mtu. Huyo simkubali hata kidogo. Jirani aliyenyimwa mkasi atachukua panga lake lenye kutu, atayararua matawi, na majeraha yake mabaya yatakuwa mpakani mwako. Ubahili nao haujengi ukuta.

Nani, basi, ausafishe? Desturi husema mwenye kuazima arudishe chombo kikiwa safi. Naona desturi hii ni nusu ya haki. Mwenye mkasi peke yake ndiye ajuaye ulipopita kabla ya kutoka kwake. Mwenye kuazima peke yake ndiye ajuaye ulipopita baadaye. Kila mmoja ana nusu ya habari, kwa hiyo kila mmoja ana zamu yake ya kusafisha, na atakayepogoa asafishe pia kati ya mti na mti. Spiriti yatosha. Dawa ya kufulia nguo nyeupe, ikichanganywa na maji, huua kuvu lakini hula chuma, hivyo mkasi usuuzwe, ukaushwe, upakwe mafuta. Moto wafaa kwa panga. Bapa la mkasi likipata joto kupita kiasi hupoteza ugumu wake.

Kumwambia jirani asafishe huweza kumfanya adhani ameshukiwa. Lakini chupa ndogo ya spiriti na kitambaa vikifungwa pamoja na mkasi katika mfuko mmoja, huona tu kwamba chombo kimeletwa na vifaa vyake.