Siri ya mtungi na fotoni

Je, ipo siku tutapeana siri bila kulazimika kumwamini mtu yeyote? Mwaka 1984 Charles Bennett na Gilles Brassard walituletea matumaini hayo: ufunguo wa siri usafirishwe kwa chembe za mwanga, yaani fotoni. Fotoni usiyoijua hali yake huwezi kuinakili sawasawa, na ukiipima ovyo unaivuruga. Kwa hiyo anayechungulia njiani huacha alama. Wenye siri wakiona makosa yamezidi, wanautupa ufunguo.

Sawa, lakini subiri kidogo. Fotoni inakwambia kama njia imeguswa. Haikwambii nani yuko upande wa pili. Mdukuzi anaweza kujifanya Asha kwako, na kwa Asha akajifanya wewe, na hesabu zote zikatoka safi. Dawa yake ni wewe na Asha kuwa na neno la siri mlilopeana kabla, la kutambuana. Yaani ili upate siri, uanze na siri.

Halafu kuna vyombo. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kuwa vipokezi vya mashine zilizokuwa tayari sokoni vinaweza kupofushwa kwa mwanga mkali, na ufunguo ukaibwa bila alama. Kanuni haikuvunjwa, kilichodanganywa ni chombo.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Fizikia italinda maji yakiwa njiani, ila kata inabaki mkononi mwa mtu. Nani tumpe kata? Swali hilo ni la maadili, na hakuna mashine itakayotujibia.