Bei Ikishuka, Imani Isishuke



Vijana wenzangu, leo naomba tufungue kitabu cha nabii Habakuki. Ni kifupi, sura tatu tu, na wengi wetu tunakipita bila kukisoma. Nenda sura ya 3, aya ya 17 hadi 19. Hapo nabii anahesabu hasara moja baada ya nyingine: mtini, mzabibu, mzeituni, shamba, zizi la mifugo. Vyote havina kitu. Yaani kila mlango wa kuingiza chakula na pesa umefungwa. Halafu, pale ambapo wewe na mimi tungekata tamaa, yeye anasema bado atamfurahia Bwana.

Mimi ni mtoto wa Kansay, huku Karatu, katika jimbo letu la Mbulu. Mtini na mzeituni sijawahi kulima. Nikisoma aya hizi, ninachokiona ni mbaazi.

Kwa asiyejua, huku tunapanda mbaazi pamoja na mahindi katika shamba moja. Mahindi yakishavunwa, mbaazi inabaki imesimama peke yake. Mvua imekata, upepo wa kiangazi unapiga, majani mengine yote yamekauka, lakini yenyewe bado ni kijani kwa sababu mizizi yake imeshuka chini sana. Mahindi ni chakula cha nyumbani. Mbaazi ndiyo ada, ndiyo bati la nyumba, ndiyo nauli ya hospitali. Na soko lake kubwa ni India.

Sasa, Agosti 2017, huku tukiwa ndo tunaingia kwenye mavuno, India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake: tani 200,000 kwa mwaka. Kilo iliyowahi kuvuka shilingi 2,000 ikashuka hadi mia chache. Wafanyabiashara waliokuwa wanagonga hodi hadi usiku, hawakuonekana tena.

Nyumbani kwetu magunia yalipangwa sebuleni mpaka dirishani. Dada yangu mkubwa alikuwa amepata nafasi ya kusomea ualimu, na magunia yale ndiyo yalikuwa ada yake. Tulifanya novena. Tulisali kwa majina kabisa: Bwana, lete mnunuzi kabla chuo hakijafunguliwa. Chuo kilifunguliwa, mnunuzi hakuja. Siku ile jioni, baba alipochukua rozari kama kawaida, nilimuuliza, "Baba, sasa tunasali zipi tena?" Akanijibu, "Zile zile za jana." Akaanza Nasadiki.

Dada yangu hakwenda chuo mwaka ule, wala mwaka uliofuata. Mpaka leo hajaenda. Nasema hivi wazi kwa sababu shuhuda nyingi tunazosikia zinaishia kwenye gari, cheti au ndoa, na kijana ambaye ombi lake halikujibiwa anatoka pale akidhani imani yake ni ndogo. Jamani, hapana. Dada yangu alilia, tena alilia sana. Kisha akajifunza cherehani, na Jumamosi anafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza kigangoni. Hajawahi kuniambia kwamba hilo ndilo alilolitaka. Ameniambia tu kwamba hakuwahi kuwa peke yake.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa Habakuki. Ukisoma kitabu chake tangu mwanzo, utakuta anaanza kwa kumlalamikia Mungu: nitalia mpaka lini, na wewe husikii? Aliyemalizia kwa furaha ni yule yule aliyeanza kwa malalamiko, na hakuna mahali pameandikwa kwamba katikati mtini ulichanua. Hali ya shamba haikubadilika. Kilichomshika ni Mungu mwenyewe, ambaye anasema anaiimarisha miguu yake kama ya paa anayetembea mahali pa juu. Sisi tunaoishi kwenye vilima hivi tunaelewa. Paa hapunguziwi mlima. Anapewa miguu ya kuupanda.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, kumtumaini Mungu si kumwekea Mungu bei. Yeye si dalali. Tukimpenda kwa sababu ya soko, siku soko likifungwa tutamwacha. Tukimpenda kwa sababu ni Baba, soko linaweza kufungwa na sisi tukabaki tumesimama.

Kanisa linatupa mfano wa Mtakatifu Yosefina Bakhita. Alitekwa akiwa mtoto huko Darfur, akauzwa na kuuzwa tena, akapigwa mpaka akabaki na makovu. Alibatizwa Venice mwaka 1890. Papa Benedikto wa 16, alipoandika waraka wake juu ya matumaini, Spe Salvi, mwaka 2007, alimweka mwanzoni kabisa. Makovu ya Bakhita hayakufutika, lakini alijua kwamba anajulikana na anapendwa, na juu ya hilo akasimama.

Sasa tufanyeje? Nina mambo matatu.

La kwanza, ukiwa na hasira, ipeleke kwenye sala. Mwambie Mungu kama Habakuki, bila kupamba maneno. Ukinyamaza, hasira hiyo itatafuta pa kutokea: wengine kwenye pombe, wengine kwenye mikeka ya kubeti, unatafuta kwa usiku mmoja kile ambacho shamba limekunyima kwa mwaka mzima.

La pili, shika yale madogo ya kila siku. Misa ya Dominika, kitubio, jumuiya, fungu moja la rozari kabla ya kulala. Mizizi haishuki siku ya upepo. Inashuka zile siku za kawaida ambazo hakuna anayekuona.

La tatu, usibebe peke yako. Mwambie padre, katekista au kiongozi wako wa VIWAWA. Na kama kwenu kuna nafuu, angalia kwa jirani. Mwaka ule kuna nyumba zilizogawiana makande ya mbaazi zile zile zilizokosa soko.

Mwaka 2021 India ilifungua tena mlango, na bei imekuwa ikipanda na kushuka tangu hapo. Lakini baba hakungoja 2021. Mvua zilizofuata baada ya hasara ile, alipanda tena, mahindi na mbaazi, bila kujua kama atakuja mnunuzi. Naomba tuwe hivyo: tufanye wajibu wa leo, na kesho tumwachie mwenye kesho.

Tusali: Ee Bwana, wewe unajua gunia lililokaa ndani kwetu bila mnunuzi, barua ya kazi isiyojibiwa, na ombi tulilolirudia mpaka tukachoka. Tusipopata tulichoomba, tusikupoteze wewe. Shusha mizizi yetu ndani yako, uitie nguvu miguu yetu, na utupe moyo wa kupanda tena. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Yosefina Bakhita, utuombee.