Ndugu wa Mshairi

Pengine umo kwenye matatu kutoka Kangemi, foleni ya Waiyaki Way imekushika. Nakufikiria wewe unayeandika mashairi ilhali dada yako ndiye anayelipa kodi ya nyumba. Najua deni hilo linavyochoma.

Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa miaka 3, kuanzia 1969, kwa waraka wake "Kenya: Twendapi?". Gerezani aliandika kwa siri, kwenye karatasi za chooni. Shairi moja alilotunga humo, "Mnazi: Vuta N'kuvute", ni la ndugu wawili wanaogombea mnazi. Hata kifungoni, alirudi kwenye ugomvi wa nyumbani! Diwani yake, Sauti ya Dhiki, ilitoka 1973, ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga.

Tunamsifu mfungwa, na anastahili. Lakini kwao Mombasa walikuwako jamaa waliomngoja miaka yote hiyo, na mngojaji hapewi tuzo.

Dada yako naye anangoja. Shairi lako jipya msomee yeye kwanza, jioni hii, kabla hujalipeleka kwa mhariri mjini.