Jua la Kununua

Rafiki alihama akaniachia kobe wawili wa majini, asili yao Marekani. Niliwaweka dirishani, nikidhani mwanga ni mwanga tu. Kumbe kioo huzuia UVB, na bila hiyo kobe hatengenezi vitamini D3 ya kutosha: kalsiamu haishiki, gamba linalainika. Balbu ya joto pekee haitoshi. Ya UVB nayo huisha nguvu ikiwa bado inawaka.

Juzi tokeni zilikaribia kuisha. Nilizima koili, nikala mkate, taa yao ikabaki. Mabeshte wanasema nina roho safi. Wapi! Nalipia jua ambalo huko nje ni bure, kisa nimewafungia ndani. Na mimi niliacha chuo nikilalamika nimefungiwa. Kuwaachilia mtoni siwezi. Watawanyang'anya kobe wa huku chakula. Kesho natafuta balbu nyingine.