Garimoshi Lililopoa

Afikaye katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, huenda akawakuta wapenzi wa garimoshi wakilizunguka gari nambari 5918, wakilipapasa kama mfugaji ampapasavyo fahali wake. Hukumbushana mlio wa honi, harufu ya mafuta, na jinsi magari hayo yalivyopanda mwinuko wa kutoka Mombasa yakivuta shehena nzito. Gari hilo lina uzito wa tani zipatazo 250. Ni moja katika 34 ya aina yake yaliyoundwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock katika miaka ya 1950, nayo huhesabiwa kuwa yenye nguvu kupita yote yaliyopata kutembea juu ya reli ya upana wa mita moja.

Swali linalotukabili si la ufundi. Je, ni haki kukionea fahari chombo kilicholetwa na ukoloni? Reli ya Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, iliua vibarua wapatao 2,500 waliotoka Bara Hindi. Reli ya Tanga, iliyoanzwa na Wajerumani mwaka 1893, haikukusudiwa kumtembeza mwananchi bali kusafirisha mazao ya walowezi. Wako wasemao, basi, chuma hicho kikayeyushwe.

Hatuafikiani nao. Chuma hakina dhamira. Mwenye dhamira ni akitumiaye na amkumbukaye mtumiaji. Lakini yatupasa kuyatazama vizuri majina. Magari ya aina hiyo yalipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na 5918 likaitwa Mlima Gelai, ulioko Tanzania. Jingine, nambari 3020, liliitwa Nyaturu, kwa jina la watu wa Singida. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na reli kugawanywa, mlima wetu ukabaki Nairobi, ukawa mkaazi wa ugenini asiye na pasi. Milima ilipewa heshima, makabila yakapewa heshima, wala hatujaona gari lililopewa jina la mchochezi wa moto. Naye kwa miaka mingi alikuwa Mwafrika, ilhali usukani wa magari makubwa ulishikwa na wengine.

Tulipata kuzungumza na mzee mmoja aliyeifanya kazi hiyo. Tulimsifia utamu wa mlio wa garimoshi, nasi tukidhani tunamfurahisha. Akatusikiliza kwa adabu, kisha akakunja mkono wa kanzu na kutuonyesha kovu.

“Wanangu,” akasema, “huo mlio kwetu haukuwa ngoma. Ulikuwa habari. Ukibadilika, ujue mvuke umepungua, nawe una dakika chache tu.”

Tukamwuliza kama alilichukia gari lile. Akashangaa. Alilipenda, akasema, na mshahara wake aliuchukia. Mambo hayo mawili hayakupata kugombana moyoni mwake.

“Ninyi mnalipenda likiwa limepoa,” akaongeza akicheka.

Waliochochea moto huo wakiwa vijana katika miaka ya 1970 sasa wamepita miaka sabini. Wengi wao wanakaa karibu na stesheni zile zile, Tabora, Morogoro, Voi, hatua chache kutoka madarasa yetu. Yule mzee alituuliza kama twaweza kurudi Jumamosi, maana alikuwa hajatueleza bado jinsi moto unavyowashwa.