Je, Mgonjwa Anayelalamika Amekosa Imani?

Miezi michache iliyopita mama mmoja wa mtaa wetu alianza kutibiwa saratani kwa dawa za dripu. Baada ya dripu ya kwanza alitapika siku nne. Hata harufu ya vitunguu vilivyokaangwa kwa jirani ilimwinua kitandani kukimbilia ndoo. Tulikwenda kumtazama, tukamwimbia na kumwombea, nami nikamwambia, "Mama, vumilia, usinung'unike." Akaitika, "Ndiyo, Mwalimu." Aliporudi hospitali na daktari kumwuliza hali, alijibu kwamba anamshukuru Mungu, hajambo. Akapewa dripu ya pili vile vile, akatapika vile vile. Ya tatu hakuenda.

Je, neno langu lile lilikuwa jema?

Nilimwendea mwuguzi mmoja, mwenzetu katika imani, anieleze. Dawa hizi huua chembe zinazozaliana upesi, za saratani na hata njema, kama zile za ndani ya utumbo. Utumbo ukidhurika hutoa kitu kiitwacho serotonini, habari hupanda ubongoni kwa mishipa ya fahamu, na ubongo huamuru kutapika kana kwamba mtu amekula sumu. Hapo imani haina kosa lolote. Dawa iitwayo sisiplatini, bila kinga, hutapisha zaidi ya watu 9 katika 10, na taabu yaweza kurudi siku ya pili au ya tatu. Wako hata wanaotapika kwa kuona lango la hospitali tu, kwa kuwa mwili umekwisha kujifunza. (Sisi walimu twamjua mtoto anayeumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi.)

Na kinga ipo. Ondansetroni ilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu. Hutolewa kabla ya dripu, tumbo lingali tulivu, mara nyingi pamoja na deksamethasoni. Isipotosha, daktari aweza kuongeza nyingine. Lakini atajuaje kwamba haikutosha, ikiwa mgonjwa amefundishwa na mzee wa kanisa kusema hajambo?

Mtu ataniambia kwamba saburi ni agizo la Maandiko. Sikatai. Lakini Ayubu alilia kwa sura nyingi, na mwisho wa kitabu waliokemewa na Mungu ni rafiki zake, wale waliokuja kumfariji. Jambo hilo nimelisoma tangu ujana bila kufikiri kwamba linanihusu. Naye Paulo, aliposikia habari za tumbo la Timotheo, alimshauri atumie mvinyo kidogo. Nadhani Timotheo alikuwa amesema.

Basi nilirudi kwa yule mama nikamwomba radhi. Tuliketi na karatasi, tukaandika alitapika siku zipi, mara ngapi, na chakula gani kilikaa. Alikwenda nayo hospitali, amechelewa wiki mbili. Daktari aliisoma yote, akaagiza apewe dawa za kuzuia kutapika kabla ya dripu, na vidonge vya kwenda navyo nyumbani.

Jioni ile alikunywa uji nusu kikombe, ukakaa. Siku ya tatu alitapika mara moja. Zimebaki dripu mbili.